Elmi Thelathini za Afande Okwir

Mimi si mtu wa kuchefukwa ovyo. Nimezaliwa Bungoma, nimelea watoto wanne, nimeuza vyungu vya maua kando ya barabara ya Ggaba miaka kumi na mitatu, na mitaro ya Kampala naijua mmoja mmoja kwa harufu yake. Lakini yale waliyomfanyia jirani yangu Okwir mwaka jana yalinitia kinyaa ambacho hakijanitoka. Nikianza kuyasimulia nakosa hata hamu ya chai. Basi kaa nikusimulie, maana nikinyamaza nitapasuka.

Okwir sote tunamwita Afande. Ni mtu wa Lango, kaskazini mwa Uganda, mrefu, mkavu, mbishi kupita kiasi, na alikuwa askari magereza miaka ishirini na minane. Huko gerezani walimweka shambani kuwasimamia wafungwa, na huko ndiko alikojifunzia kuotesha miche. Siku hizi ana kitalu ubavuni mwa meza yangu, kwenye kipande cha ardhi kati ya lami na kinamasi. Yeye anauza miche, mimi nauza vyungu. Mteja akitoka kwake sharti apite kwangu, kwa hiyo tunapatana.

Kuna jambo moja ambalo Afande hana utani nalo, nalo ni kavera. Kavera ndiyo ile mifuko myeusi ya plastiki tunayooteshea miche. Ukifika na mche wako shambani unapasua kavera, unaitupa, unapanda mti. Mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini mji huu una watu, sijui ni uvivu sijui ni laana, wanachimba shimo la kuzikia panya, wanatumbukiza mche na kavera yake, wanafukia, wanakwenda zao kunywa soda. Mizizi inazunguka mle ndani mpaka inajinyonga. Baada ya mwaka mti umekufa, na mtu anarudi bila haya, "Mzee, miche yako ni mibaya." Aka! Afande alikuwa hakuuzii mpaka umwahidi kwa mdomo wako kwamba utapasua.

Sasa hizo elmi. Alipostaafu, kabla ya kufungua kitalu, Afande alilinda kambi ya mainjinia wa Kichina waliokuwa wakijenga barabara. Mmoja wao alikuwa na mti mdogo kwenye sinia la udongo, urefu wake shubiri moja, mzee kabisa, umepogolewa kwa mkasi mpaka ukakaa kama mti mkubwa ulioonekana kwa mbali. Kazi ilipokwisha walifungasha, wakaondoka, na mti wakautupa jalalani pamoja na makopo na maganda. Mti hai! Ulikaa hapo wiki tatu za kiangazi bila tone la maji. Afande aliuokota umebaki na tawi moja bichi.

Tulimcheka sana. Nilimwambia, "Afande, umeokota kuni." Aliupanda chini, na baada ya mwaka ulikuwa unanifika begani. Bwana shamba mmoja aliyepita akamwambia huo ni mti wa elmi, elmi ya Kichina, na kwamba hauogopi kitu. Ukiukata unachipua. Ukiunyima maji unaangusha majani, unangoja. Majani yenyewe ni madogo, yana meno pembeni kama msumeno, na gome linabanduka vipande vipande na chini yake kuna rangi ya machungwa. Mti mzuri, sikatai.

Mbegu hakupata, kwa hiyo alizalisha kwa mizizi. Alichimba pembeni, akakata mizizi yenye unene wa penseli, kila kipande urefu wa kidole, akaisimamisha kwenye mchanga wa ziwani, ile ncha iliyokuwa karibu na shina ikiangalia juu. Ukiigeuza inaoza. Nilimwona akiigeuza kwa bahati mbaya mara ya kwanza, akapoteza yote. Mara ya pili ikatoka. Akahamishia kwenye kavera ndogo, halafu kubwa, halafu kubwa zaidi. Ukiona vyaelea vimeundwa. Miaka sita alihangaika, mpaka akawa na elmi thelathini ndefu kumzidi yeye.

Matajiri wa milimani walizitamani. Wanasimamisha gari, wanashusha kioo, wanataka mti wa kuweka sebuleni. Afande anatikisa kichwa. "Hapana. Hii miti iko ya kushika udongo. Mimi hapana uza ya kuweka kwa meza."

Alikuwa na haja nazo. Nyumba yake iko Bwaise, mtaa wa bondeni, na mkewe Joska ni mpishi wa shule ya msingi ya huko huko. Mvua ikinyesha Bwaise, maji yanaingia uwanja wa shule, yanakula udongo, yanaacha matope na uchafu wa vyoo vya watu. Mvua ikikatika, watoto wanaanikwa juani kama dagaa, hakuna kivuli hata cha kumtosha kuku. Walishapanda miembe, ikaoza mizizi. Walishapanda mingine, ikaoza. Lakini Afande alikuwa amepanda elmi moja nyuma ya nyumba yake, na mafuriko ya misimu mitatu yalipita, mti ukasimama. Tangu hapo hakutaka kingine duniani. Alitaka kabla hajafa aone elmi zake zimesimama katika uwanja ule, watoto wamekaa chini yake.

Ungedhani ni jambo la kupeleka jembe na kuchimba. Thubutu! Mwalimu mkuu, Nasike, mwanamke mpole mno, alimwambia kwamba uwanja ule bila barua ya mheshimiwa mbunge wa huko hupandi hata mchicha. Afande akaandika barua. Akaandika nyingine. Miaka miwili mheshimiwa hakupata nafasi ya kusema ndiyo kwa miti ya bure.

Halafu siku moja akaja Rosalba. Huyu ni mwanamama anayeandaa sherehe: mahema, viti, spika, chakula, na siku hizi miti, maana wakubwa wamegundua kwamba mtu akipigwa picha na mti anaonekana mtu mwema. Alishuka garini kwa viatu vyeupe, akazunguka kitalu, akasimama mbele ya elmi. Akasema mheshimiwa atapanda miti thelathini Bwaise, kwenye shule. Akaitaja shule. Ilikuwa ile ile.

Nilimwona Afande akishika kiuno. "Chukua yote," akasema. "Bure. Lakini kavera ipasuliwe, na shimo ifike hapa." Akaonyesha gotini. "Na mimi nisimame pale."

"Kabisa, mzee wangu," akasema Rosalba. "Wewe ndiye mgeni wetu wa heshima."

Fadhila ya punda mashuzi. Lakini hilo tulilijua baadaye.

Siku ya sherehe nilifunga meza nikaenda, kwa sababu Afande alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti, na mtu huyo sijawahi kumwona na koti. Tulipofika, mgeni wa heshima akasukumwa nyuma ya kamba na kijana mwenye miwani myeusi. "Wazazi huku! Wazazi huku!" Afande akamwambia miti ni yake. Yule akasema kila mtu leo anasema hivyo.

Mashimo yalikuwa yamekwisha kuchimbwa. Mashimo! Bakuli la uji lina kina kuliko yale. Joska alikuwa amesimama karibu nami na mikono mitupu, kwa sababu jiko lake lilichukuliwa tangu asubuhi na wapishi wa wageni, na watoto mia nne walikuwa hawajanywa uji. Wakakaa juani saa tatu nzima wakisikiliza hotuba juu ya mazingira. Harufu ya kuku wa kukaanga inapita juu ya vichwa vyao. Mdogo mmoja akatapika, akavutwa pembeni asionekane kwenye picha.

Mheshimiwa akaja na sepetu mpya, bado ina karatasi ya dukani. Akainuliwa mti na wasaidizi wawili, ukashushwa shimoni, na kavera ikang'aa nyeusi mbele ya macho yetu. Haikupasuliwa. Afande akapaza sauti, "Kavera! Kavera ipasuliwe!" Mwenye spika akaongeza muziki. Mheshimiwa akatupia udongo wa mikono miwili, akatabasamu, akanyoosha mikono, na mtu akamnawisha kwa maji ya chupa, chupa nzima, katika shule ambayo bomba lake lilikuwa kavu wiki ya pili. Wageni wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, miti thelathini, kavera thelathini. Kisha mheshimiwa akatangaza kwenye spika kwamba leo miti thelathini imepandwa hapa na itakaa hapa vizazi na vizazi. Makofi. Wakala, wakaondoka.

Nikamwambia Afande, "Usilie. Wameshaondoka. Tutaichimbua, tupasue kavera wenyewe, tupande upya."

Kabla hajajibu, pikapu ikaingia uwanjani kinyumenyume. Wanaume wawili wakashuka, wakaanza kuing'oa miti. Hawakuhitaji hata jembe. Walishika shina, wakavuta, ikatoka na kavera yake safi, wakaipanga garini. Wamezoea! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mashimo yalikuwa mafupi: ili miti ing'oke upesi.

Afande alimfuata Rosalba. "Madamu, unapeleka wapi?"

"Mzee, tuliza moyo," akasema Rosalba, anahesabu viti. "Hii miti iko kazini. Alhamisi iko Lubaga, Jumamosi iko sherehe ingine. Ikimaliza nitakurudishia yote. Ndiyo maana hatukugusa kavera. Sisi tunatunza mali ya watu."

Tunatunza! Mwanamke huyo alisema hivyo bila kupepesa jicho, na nadhani aliamini.

Afande alivua koti, akampa Joska. Akatoa mfukoni kisu chake cha kupogolea, akapanda nyuma ya pikapu. Nikafikiri anakwenda kumchoma mtu, nikapiga kelele. Alishika kavera ya kwanza, akaipasua toka juu mpaka chini. "Moja." Udongo ukamwagika, mizizi ikabaki nje. Akashika ya pili. "Mbili." Anahesabu kwa ile sauti ya kuhesabia wafungwa. Wale wanaume wakamshika mguu, akawaonyesha kisu, wakamwachia.

"Afande, utaiua!" nilimwambia. Ilikuwa saa nane mchana, jua la kupasua mawe. Mizizi ya elmi ikipigwa na jua lile haichukui muda, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Miaka sita ya maisha yake ilikuwa inamwagika kwenye bati la gari.

"Nusu saa," akasema. "Nusu saa haijapandwa, imekufa. Sasa iko ya hapa tu. Kumi na moja. Kumi na mbili."

Rosalba alipiga mayowe, akataja polisi, akamtaja mheshimiwa, akamtaja Mungu. Afande alifika thelathini. Dereva akaangalia gari lake lililojaa udongo, akafyonza. "Madamu, hii haifiki Lubaga tena." Akafungua mlango wa nyuma, akasukuma yote chini kama takataka.

Sasa likabaki suala la ruhusa. Barua ya kupanda pale hakuna mtu aliyekuwa nayo, na Rosalba alisimama akisema ole wake atakayegusa uwanja wa serikali. Ndipo Nasike, yule mpole, mwalimu mkuu ambaye sijawahi kumsikia akimkatalia mtu, akaja mbele. "Mheshimiwa ametangaza mbele ya watu wote kwamba miti thelathini imepandwa hapa," akasema. "Mimi ni nani nimfanye mwongo? Pandeni."

Banange, wanawake wa Bwaise walivyokuja na majembe! Wazazi, wapishi, muuza mandazi wa langoni. Afande alikata matawi nusu kila mti, ili mizizi isizidiwe na mzigo, akaichovya kwenye dimbwi la matope, akatukabidhi, sisi tukachimba mpaka gotini kama alivyotaka. Joska alichota maji ya mtaroni, yananuka, tukayamwaga hayo hayo. Tulipomaliza, mikono yangu ilikuwa na harufu ambayo sabuni ya siku tatu haikuitoa.

Kumi na moja zilikufa. Afande alizing'oa mwenyewe, na mimi kila moja nilimlaani mtu kwa jina. Kumi na tisa zilikaa wiki tano vijiti vitupu, watu wakasema zimekwisha, halafu zikachipua. Mafuriko ya mwezi wa nne yalipita na zikabaki. Leo zimeanza kuweka kivuli, kidogo, cha watoto wawili watatu.

Mwezi uliopita Joska akatuita twende kuona kitu. Tukaenda. Kwenye elmi iliyo karibu na lango, ile nzuri kuliko zote, mtu alikuwa amepigilia kibao cha bati. Misumari minne ya inchi nne, ndani ya shina, utomvu unatoka. Kimeandikwa jina la mheshimiwa kwa herufi nyekundu, na chini yake: Mti huu nimeupanda na ninautunza.

Ninautunza! Nikaenda jikoni kwa Joska nikatafuta nyundo, nikarudi nayo, nikapachika makucha ya nyundo kwenye msumari wa kwanza. Afande akanishika mkono.

"Wacha, Nanyama."

"Niache nini? Afande, huna uchungu?"

"Uchungu niko nayo. Lakini mti iko na jina ya mkubwa, nani atathubutu kukata?" Akafuta utomvu kwa kidole gumba, akaangalia uwanja wote, elmi moja hadi nyingine. "Kesho enda ofisi yake. Uliza kama iko na vibao ingine kumi na nane."