Wavuvi Wasiojua Kufunga Ndoano

Lango la bwawa la maji ya mji lilikuwa na kufuli moja, na kufuli hiyo ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mzito wa kusema, na watu walimwita Mama Funguo kwa sababu funguo zake alizifunga kiunoni kwa kamba ya kiatu, zikawa zinamtangulia kwa kelele kila alikokwenda. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda cha bati kando ya lango: kiti kimoja, birika moja, dirisha moja lisilo na kioo. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga. Kutazama hakukuandikwa kwenye barua ya ajira, lakini ndiko alikokufanya kuliko vyote.

Jumamosi alitazama wavuvi. Usidhani ni wale wavuvi wanaovua ili watoto wale. Hawa walikuwa waungwana wa mjini waliovua ili waonekane wametulia. Walivaa makoti yenye mifuko kumi na minne, na kumi na mitatu kati ya hiyo haikuwa na kitu. Walijiita chama. Mwenyekiti wao alikuwa mkubwa fulani ofisi ya ardhi zamani, akastaafu kazi, sauti ikakataa kustaafu. Alikuwepo mwalimu wa hesabu, alikuwepo mwenye duka la dawa, na wengine saba ambao kazi yao ilikuwa kuitikia, "Kweli kabisa, mwenyekiti."

Wa kumi na moja alikuwa baba yake Mama Funguo. Huyo alikuwa fundi cherehani aliyeacha kazi, mwembamba kama uzi wenyewe, na jina la Sindano lilimkaa kuliko alilopewa na mama yake. Miaka arobaini alivuta vumbi la vitambaa, na sasa kifua chake kilipiga filimbi akipanda ngazi tatu. Aliishi kwa binti yake, chumba cha nyuma, na wiki nzima alikaa kitandani akiutazama ukuta kama mtu anayesubiri ukuta useme. Jumamosi alifufuka. Alijinyoa mwenyewe, akachukua mwanzi wake wa kuvulia, akatoka mbele ya funguo za bintiye.

Kisha ugonjwa ukaingia mjini. Shule zikafungwa, viwanja vikafungwa, maharusi wakaozwa mbele ya watu kumi. Kuhusu mtu kuvua samaki kwa kujiburudisha, tangazo halikusema kitu. Palipo na ukimya mwenyekiti huweka mdomo, basi Jumatatu alifika langoni na barua ya kurasa tatu.

"Mama, isome hii."

"Nimeandikiwa mimi?"

"Imeandikiwa idara ya maji. Hiyo ni nakala yako."

Mama Funguo aliishia darasa la tano, lakini alisoma polepole na hakuruka neno, jambo ambalo wasomi wengi limewashinda. Barua ilisema kuvua si mkusanyiko. Ilisema mvuvi hukaa peke yake na maji. Ilisema hewa ya wazi ni dawa, na akili ya mtu ikifungiwa ndani huvunda kama kitambaa kilicholowa.

"Peke yake na maji," alisema. "Na nyie mko kumi na mmoja."

"Kila mmoja peke yake."

"Peke yake kumi na moja."

"Mama, usicheze na hoja."

"Sichezi, mwenyekiti. Najumlisha."

Kilichomuudhi Mama Funguo ni kwamba barua ilikuwa na ukweli ndani yake. Aliujua ukuta wa chumba cha nyuma, na alijua baba yake anavyoutazama.

Idara ya maji ilijibu kwa mstari mmoja: *Mlinzi wa lango atumie busara.* Wakubwa wale, wenye viti vya kuzunguka na milango ya kufungiwa na watu wengine, walitafuta busara ofisi nzima wakaikosa, wakakumbuka kwamba labda iko kwenye kibanda cha bati. Miaka kumi na tisa hakuna aliyemwomba Mama Funguo busara hata ya kijiko. Waliiomba siku ilipokuja na lawama.

Jioni alimuuliza baba yake.

"Nisipokwenda, nitakufa na huu ukuta," alisema Sindano.

"Ukienda utakufa na hicho kifua."

"Basi heri kifua. Huko angalau kuna samaki."

Mama Funguo akaenda kutafuta mawe. Alichagua kumi na moja makubwa, akayapaka chokaa, akayapanga ukingoni mwa bwawa kwa hatua zake mwenyewe, hatua kumi na mbili toka jiwe hadi jiwe. Jumamosi kila mtu alipewa jiwe lake na sharti moja: asihame. Waungwana wakakaa. Mwenyekiti alisimama juu ya la kwake na kuhutubia maji.

"Mnaona? Nidhamu. Watu wakiwa na elimu hawahitaji kufungiwa."

"Kweli kabisa, mwenyekiti," yakaitikia mawe saba.

Mama Funguo aliyatazama mawe yake yaking'aa na, tuseme tu ukweli, alijiona. Alibandika birika. Alifikiri watu wa ofisini wangekuja wapige picha. Mtu akishaanza kufikiria picha, macho yake huwa yamekwisha kazi.

Chai haijachemka, mwalimu wa hesabu akaacha jiwe. Mshipi wake ulikuwa umekatika. Alitembea ukingoni, mkono wa kulia ameshika fimbo, wa kushoto kopo la chambo, na ncha ya mshipi ameibana kwa meno, maana mkono wa tatu hakupewa. Akafika kwa Sindano, akainama. Sindano aliuchomoa mshipi ule mdomoni mwa mwalimu kama mtu anayemtoa mtoto pipi, akaupitisha kwenye kitundu cha ndoano, akauzungusha mara sita, akautia mdomoni mwake ulowe mate, maana fundo kavu hujiunguza likikazwa, akavuta, na kilichobaki akakikata kwa jino. Kazi safi. Mwalimu akashukuru, akaubana tena kwa meno, akarudi kwenye jiwe lake takatifu.

Halafu akaja mwenye duka la dawa, naye amebana mshipi kwa meno. Halafu mwenyekiti. Halafu wale saba wa kuitikia, mmoja baada ya mwingine.

Birika lilimwagika na Mama Funguo hakulisikia. Jambo hili alikuwa amelitazama kila Jumamosi kwa miaka yote hiyo. Makoti yale, fimbo zile zinazong'aa kama gari la harusi, barua ile ya kurasa tatu: hakuna hata mmoja aliyejua kufunga ndoano yake. Walikuwa wakivua kwa mdomo wa baba yake. Na yeye, mwenye macho, kapima hatua kumi na mbili kati ya watu waliounganishwa na mate. Dharau aliyokuwa amewawekea wao akajichotea na yeye, bakuli zima.

Akatoka akigonga mfuniko wa birika kwa ufunguo.

"Inukeni. Lango linafungwa."

"Tumekaa kwenye mawe," alisema mwenyekiti.

"Makalio ndiyo yamekaa kwenye mawe. Midomo yote iko hapa kwa baba."

"Umetumia busara lakini, mama?"

"Nimeitumia imeisha. Zimebaki funguo." Akamgeukia mwenye duka la dawa. "Na wewe kaka, wiki nzima unawauzia watu barakoa, Jumamosi unakuja kulishana mshipi na mzee wa watu."

Mwenye duka la dawa alitazama maji, kana kwamba samaki wangemjibia.

Sindano alikunja mshipi kwenye mwanzi wake. Njiani alitembea mbele, na pale kwenye ngazi tatu alipiga filimbi yake, akasema bila kugeuka, "Umenivua nguo mbele ya wenzangu."

"Wenzako wamekuvua kinga, baba."

"Wale wananihitaji."

Jumatano ikaja habari kwamba mwalimu wa hesabu ana homa, hasikii harufu ya kitu chochote na amelazwa chini ya dirisha. Mama Funguo hakulia wala hakupiga kelele. Alitoa stuli jikoni, akaiweka mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, na siku kumi na nne chakula kilipita kwenye stuli hiyo. Alipomaliza kukiweka alirudi nyuma hatua kumi na mbili, ukumbi ukimruhusu, na uliruhusu nane. Kila alfajiri alisimama hapo kusikiliza kifua cha baba yake. Akisikia filimbi ile ile ya siku zote, alikwenda kazini. Asubuhi moja filimbi haikusikika, naye akasimama ameshika ukuta mpaka ndani kukasemwa, "Chai haina sukari." Akaenda kuileta sukari.

Siku ya tisa mwenyekiti alipiga simu. Mama Funguo alidhani anauliza hali ya mgonjwa.

"Poleni sana na matatizo," alisema. "Sasa, lango mnatazamia kulifungua lini?"

Alimjibu kwa kuzima simu. Kuna watu ukiwatukana unawapandisha cheo.

Sindano hakuugua. Hakuna aliyejua kwa nini, na Mama Funguo hakutaka kujua. Bahati ukiihoji sana huondoka. Mwalimu naye alipona. Wiki mbili baadaye, Jumamosi, makoti yakajipanga nje ya lango kama kuku waliosikia mlio wa mtama. Mama Funguo alikuwa amekwisha kupanga mawe yake upya, safari hii nje ya uzio.

"Anayetaka kuingia ataingia," alisema. "Barua yenu ilisema mvuvi hukaa peke yake na maji. Haya. Kila mtu na mshipi wake, ndoano yake, kikombe chake cha maji. Barakoa usoni. Funga fundo bila mdomo, nikilivuta likakaa, unapita. Mtu anayejua kufunga ndoano yake ndiye peke yake. Asiyejua ni mkusanyiko."

Wakatazamana.

"Huu ni mtihani," alisema mwalimu, sauti bado nyembamba.

"Si umewatungia watoto wa watu miaka mingi? Leo umekuja kwako."

Mwalimu alifunga kitu mfano wa kiota cha ndege. Mama Funguo alikigusa tu, kikafumuka. Mwenye duka la dawa alijichoma kidole akaomba pamba. Wale saba walisubiri kuona mwenyekiti atafanyaje ili waitikie.

"Mimi ni mwenyekiti," alisema mwenyekiti.

"Mwenyekiti atangulie, basi."

Alivaa miwani, akavua miwani, akasema upepo ni mkali. Upepo haukuwepo. Mwisho alitoa mfukoni ndoano iliyokwisha kufungwa, fundo zuri, la kuzungusha mara sita. Mama Funguo alilivuta likakaa.

"Zuri. Hili ni la baba yangu la mwaka juzi. Funga lingine."

Hapo Sindano akapita katikati yao, mwanzi begani. Alichovya mshipi kwenye kikombe, akazungusha, akavuta, akakata kwa mkasi wake wa zamani wa ushonaji. Hata kope hakupepesa. Bintiye alifungua lango, mzee akapita peke yake, na bwawa zima likawa lake.

Mama Funguo alirudi kibandani akabandika birika, akijua sasa mambo yamekaa. Baba ana hewa, baba ana maji, na wale wajinga wako nje. Alikunywa vikombe viwili. Alipotazama tena, Sindano alikuwa anakuja, mwanzi begani, hana samaki.

"Mbona mapema?"

"Samaki hawaniiti fundi," alisema.

Alisimama pale akiwatazama waungwana kupitia waya wa uzio. Walikuwa hawajaondoka. Walikaa kwenye mawe yao, vichwa chini, wakizungusha mishipi kama wasichana wa shule na nywele za mwanasesere. Filimbi ya kifua chake ilipanda kidogo. Mama Funguo alimtazama baba yake, na polepole akaelewa kwamba miaka yote ile mzee hakuwa anakwenda bwawani kwa ajili ya bwawa.

Alichukua kiti chake pekee kibandani, akakiweka ndani ya uzio, hatua kumi na mbili kutoka waya. Sindano akakaa, akashika goti, akakohoa mara moja kusafisha koo.

"Mwalimu," aliita. "Mkono wa kushoto. Ule mwingine. Hivi hesabu ulifundisha na nini?"

Kuanzia siku hiyo kila Jumamosi alifungua duka la kashfa. Aliwaambia vidole vyao vimeajiriwa kula tu. Aliwaambia hata vishikizo vya mashati yao vilishonwa na mtu mwingine, yaani yeye, na anaijua miili yao ilivyo. Walivumilia, maana hawakuwa na njia nyingine ya kufika majini. Mwalimu alifaulu wiki ya tatu, akaingia akakaa mbali kabisa na kila mtu, ameshika fimbo kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mwenye duka la dawa alifaulu wiki ya tano. Wale saba waligundua, kwa mshangao wao wenyewe, kwamba wana vidole kumi kila mmoja.

Ugonjwa ulipopungua na viwanja kufunguliwa, mwenyekiti alikuwa bado yuko nje, kwenye jiwe la kwanza, jeupe kuliko yote. Alikuwa ameandika barua nyingine, kurasa tano, kulalamikia mtihani. Idara ilijibu kwa mstari ule ule. Jumamosi hiyo alinyoosha ndoano kupitia waya, mshipi unaning'inia, na akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Fundi, nisaidie hii moja tu."

Sindano alimtazama bintiye. Mama Funguo alizichezesha funguo kiunoni, akatikisa kichwa.

"Lowesha kwanza," alisema mzee, akijiegemeza vizuri kitini. "Kikombe kiko kulia kwako. Kulia, mwenyekiti."