Mchele Kwenye Chungu Chenye Ufa

Kwenye soko la Ipinda, chungu hununuliwa kwa mchele: unakijaza mpaka mdomoni, mchele unabaki kwa mfinyanzi, wewe unaondoka na chungu. Juzi nilikuwa pale na mwanangu mgongoni. Bibi mmoja mfinyanzi alikuwa hajauza hata kimoja, na wajukuu nyumbani wanangoja chakula. Akafika kijana wa kampeni na gunia la mchele.

"Bibi, mgombea wetu anakusalimu. Nikujazie kimoja, kura utupe sisi."

Bibi aliutazama mchele, akameza mate. Kisha akamsogezea chungu chenye ufa. Kijana akamimina, mchele ukapitia ufani, ukamwagikia mkekani. Akaongeza.

"Mbona hakijai?"

"Wewe mimina tu, mwanangu. Si ndivyo mnavyofanya na benki? Wakubwa wamekopa hawarudishi, serikali yenu inazijazia kwa kodi zetu. Changu kikipasuka, nani huja kunijazia?"

Tulicheka soko zima. Mwanangu naye akacheka, hajui hata kwa nini, na kijana mwenyewe akashika mbavu.

Bibi akauzoa mchele wote, akaurudisha guniani. "Ndaga fijo, baba, asante sana. Kura yangu si chungu, haijazwi."

Kijana hakuondoka. Alichukua chungu kizima, akakigonga kwa kidole, akasikiliza mlio kama kina ufa, ndipo akakijaza mpaka mdomoni. "Hiki namnunulia mama yangu," akasema. Kura hakuitaja tena.

Nikawaza, kumbe hata watu wa kampeni wanajua kugonga kabla ya kujaza. Na zile benki, nani alizigonga?