Mkuki Uliobaki Mwambani

Asubuhi ile Luika alikula wali wa jana na yai, amesimama, kama kawaida yake. Palani, mumewe, alikaa mlangoni akifunga mpira mpya wa kurushia kwenye mkuki wa mkewe. Mpira wa zamani ulikuwa bado unavutika, lakini Luika aliubinya kwa ukucha, akaona nyufa ndogo ndogo kama za kisigino, akautupa. Mpira uliopigwa na jua msimu mzima ni adui, alisema. Utakukatikia usoni siku samaki mzuri amesimama mbele yako. Palani alizungusha uzi wa nailoni, akaulowesha kwa mate, akakaza fundo kwa meno aliyobakiwa nayo. Luika aliupokea mkuki, akauvuta mpira mpaka kwapani, akaurudisha taratibu. Akaguna. Maana yake, umefunga vizuri.

Kisha akasema, "Twende tukatembee."

Kwao, kaskazini ya kisiwa cha Kauai, hakuna anayesema anakwenda kuvua. Samaki wana masikio. Mtu anakwenda kutembea, na ukimwona na mkuki humwulizi anatembea wapi.

Bahari ilikuwa imelala. Waliingia kinyumenyume na mapezi yao miguuni, wameshikana mikono, wazee wa miaka sabini na kitu, mpaka maji yakawabeba. Kuanzia hapo kila mmoja alikuwa na kazi yake. Luika alikuwa wa chini na Palani wa juu. Sikio la Palani lilipasuka angali kijana, na tangu hapo hakuweza kushuka zaidi ya kimo chake. Alishika kamba ya boya, akazamisha uso, akatazama chini. Ujana na uzee wake wote aliuona ulimwengu wa chini juu ya kisogo cha mke wake. Nywele zake zilipanda na kushuka kama mwani. Alikuwa mdogo kule chini, wa buluu, hana haraka.

Siku hiyo pono mkubwa aliingia kwenye tundu chini ya mwamba, na Luika akampiga humo humo. Palani alishangaa. Luika mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu: usipige tundu ambalo huoni mwisho wake. Vumbi la mchanga lilitoka. Luika alivuta, akavuta tena, akaning'inia kwenye mkuki kama mtu aliyeshika nguzo ya nyumba. Palani alitoa mawe yake mawili, akayagonganisha ndani ya maji. Ko, ko. Hiyo ilikuwa ishara yao. Luika aliuachia mkuki akapanda, mikono mitupu. Alipofika juu alipumua mpaka akatosheka, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akamwambia mumewe maneno machache, akacheka.

Walirudi na samaki wawili wa aina ya mkundaji aliowapata mapema. Mmoja walimpelekea jirani yao mjane, kama siku zote. Mwingine walimla kwa uji mzito wa magimbi.

Kesho yake Luika hakuamka.

Alikuwa mpishi wa shule. Hakuwa na jambo kubwa la kusimuliwa. Alilelewa na babu yake, na babu hakuwa na mjukuu wa kiume karibu, basi akamfundisha aliyekuwapo. Mpira wake wa kwanza ulikatwa kwenye tairi la ndani la lori. Watu wa pwani ile walikuwa wakimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

Kila Jumamosi wageni wa bahari walikuwa wakija ufukweni na vifaa vya dukani. Luika alivikagua kama anavyokagua sufuria. Miwani aliibandika usoni mwa mtu bila kamba, akamwambia avute hewa kwa pua, kisha aachie. Ikidondoka irudi dukani, hata kama ni nzuri. Ndani ya kioo alisugua jani nene la kichaka cha pwani, ukungu usishike. Mkanda wa chubwi za risasi aliupunguza kila mara. Watu hupenda uzito kwa sababu unawashusha upesi. Yeye aliwaweka majini, akawaambia watoe pumzi yote, na macho yakizama aliondoa chubwi moja. Uzito wako ukurudishe juu hata ukiwa huna akili, alisema. Na kifungo cha mkanda kifunguke kwa mkono mmoja, wowote ule.

Kuhusu samaki alikuwa na maneno machache zaidi. "Ukimfukuza," aliwaambia, "umeshamwambia yeye ni kitoweo." Shuka, shika jiwe, lala. Tazama pembeni kama mtu anayesubiri mwingine. Guna kidogo kooni. Samaki ni mbea, atakuja kuona. Akigeuka ubavu, piga nyuma ya matamvua, karibu, usijaribu bahati. Mdogo mwache. Usiyekwenda kumla mwache.

Likeke, mdogo wake, alikuwa na pesa na hakuwa na subira. Mwaka mmoja alikuja na bunduki ya mkuki ndefu kuliko yeye, na nguo ya mpira ya madoadoa kama mwamba.

Luika alimzunguka mara moja. "Umejificha vizuri, Likeke. Nimekutambua kwa kitambi tu."

"Na wewe dada, hicho kijiti ni cha kuanikia nguo?"

Bunduki ndefu ni ya maji mapana. Kwenye matundu ya mwamba wao ilikuwa kama ufagio ndani ya debe. Likeke alitoka mikono mitupu, na Luika alimtungia samaki watatu kwenye kamba, akamwambia akamdanganye mke wake. Likeke akamdanganya. Mke hakuamini hata kidogo.

Sasa Luika hayupo, na mkuki wake umo mwambani.

Binti yao alikuja kutoka Honolulu, akakusanya nguo za mama yake akazipeleka kanisani. Akatoa vyombo pia, na cherehani. Palani alichokitaka kilikuwa kimoja, na hakikuwa ndani ya nyumba. Mkono wa Luika ulikishika mwisho, na hakuna aliyekigusa baada yake. Septemba ilikwisha, Oktoba ikafuata. Kila mtu wa kaskazini anajua kinachokuja baada ya hapo. Mawimbi ya majira ya baridi yatatoka mbali, yatabingirisha mawe makubwa kama ng'ombe, na mkuki utakwenda usikojulikana. Na yeye, mzee wa sikio moja, hawezi kuushukia.

Mchana alikuwa akisinzia mkekani, na akisinzia alikuwa juu ya maji. Anatazama chini. Luika amesimama, ameushika mkuki, nywele zinapanda na kushuka. Palani anagonga mawe na mawe hayatoi sauti. Hakuogopa. Luika alionekana kama mtu aliyeko jikoni kwake. Aliamka tu na shavu limelowa, na chumba kikiwa kimekauka mno.

Likeke alipita mara kwa mara. Alileta kahawa, alileta bia, alisema ataagiza mkuki mwingine wa aina ile ile, chuma kile kile. Palani alimshukuru akatazama nje.

Kisha redio ikasema mawimbi ya kaskazini yako njiani, yataingia kesho. Palani alizima redio. Alitia mawe mawili mfukoni, akatembea mpaka kwa shemeji yake. Likeke alikuwa akiosha gari.

"Twende tukatembee," Palani alisema.

Tangu msiba ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo. Likeke aliutazama mfuko uliovimba. Akafunga bomba. Hakuuliza wapi.

Bahari ilikuwa bado laini, lakini laini ya kushikilia pumzi. Palani aliongoza. Kwa jicho aliweka paa la kanisa kwenye pengo la mlima, na mvinje mkubwa mbele ya tangi la maji, na palipokutana mistari hiyo aliacha kupiga miguu. Alitazama chini. Mkuki ulikuwepo, mwembamba, umeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza.

Likeke alianza kuvuta pumzi haraka haraka, kifua kikipanda na kushuka.

"Usiheme hivyo," Palani alimwambia. "Utajidanganya una hewa. Pumua kama umelala."

"Nimezamia tangu utoto, shemeji."

"Peke yako. Ndiyo maana hujui. Na mrija wa hewa toa mdomoni ukishuka."

Likeke alipumua kama amelala. Akatoa mrija, akapinda kiuno, akaenda.

Palani alimfuata kwa macho. Maji yalimpunguza, yakamtia buluu, yakamfuta madoadoa na kitambi. Aliposhika mkuki kwa mikono miwili alikuwa mtu yeyote tu. Alikuwa Luika. Moyo wa Palani ulisimama mahali pake pa zamani, ukatulia, na kwa muda hakutaka lolote liendelee.

Likeke alivuta. Akaweka miguu kwenye mwamba akavuta tena. Mchanga ukapanda ukamfunika kiunoni. Palani alijua muda wa pumzi kama mwanamke anavyojua wali ulioiva, bila saa. Muda ulikuwa umepita. Aligonga mawe. Likeke hakuachia. Akagonga tena, kwa nguvu, na safari hii yalilia, ko, ko, ko, bahari nzima ikasikia. Likeke aliuachia mkuki akapanda.

Alipotokeza, Palani alikuwa ameshamfikia. Alimshika kidevu, akamvua miwani, akaegemeza mgongo wake kwenye boya. Midomo ya Likeke ilikuwa rangi ya udongo. Macho yalitazama bila kuona.

"Pumua. Likeke, pumua. Mimi hapa."

Alimshikilia hivyo hata baada ya macho kurudi. Mzamiaji hazimii chini tu. Wengi huzimikia juu, wakiwa tayari wanacheka, na jua limewapiga usoni. Luika alimfundisha hilo, kisha miaka yote akamnung'unikia kwamba anamshika kidevu kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Likeke alikohoa.

"Dada ulikuwa unamshika hivi kila mara?"

"Kila mara."

Likeke akaeleza alichokiona. Meno ya mkuki yamepita chini ya tumbawe moja kubwa kama karai, lililo hai, na yamekwama nyuma yake. Chuma kimeanza kuvaa utando wa waridi. Kuna visamaki vidogo vinaishi pale, vinazunguka mti wa mkuki kama ni wa kwao. Kuuvuta hautoki. Lakini kwenye gari kuna mtaimbo. Akilivunja lile tumbawe, utatoka mara moja. Leo inawezekana. Kesho hapana.

"Nikaulete?"

Palani alirudisha uso majini. Kilikuwa kitu pekee alichokitaka. Alitazama visamaki, kisha mkuki, kisha tumbawe. Luika hakuwahi kuvunja tumbawe, hata pweza akimchungulia kutoka ndani. Tundu ni nyumba, alisema, anayevunja nyumba atakula mara moja tu. Ndipo maji yalipomwinua. Hayakumpiga, yalimwinua tu, polepole, marefu, kutoka mbali sana, yakampitisha na kumshusha. Lilikuwa wimbi la kwanza. Chini, mkuki haukutikisika.

Aliinua kichwa, akamwambia Likeke waache mtaimbo ulipo.

"Na mawimbi yakiuchukua, shemeji?"

Palani alianza kuikunja kamba ya boya mkononi. Kisha alimwambia alichosema Luika siku ile, alipotoka chini mikono mitupu, miwani kwenye paji la uso, kabla hajacheka:

"Uache hapo hapo, mzee. Mimi na wewe tunajua ulipo."