Vijiti vya Swali la Tisa

Mimi niliacha shule darasa la pili, na sijawahi kujuta. Kabla ndevu hazijaota vizuri nilikuwa najua kunoa msumeno, kuutazama mti ukiwa bado umesimama msituni na kusema una mbao za aina gani ndani, na kumwambia mnunuzi uso kwa uso kwamba mlango wake umepinda kwa sababu alilazimisha mbao mbichi. Karakana yangu ya Elburgon niliijenga mwenyewe, kuta za mabanzi yaliyotupwa na kiwanda, paa la mabati yaliyokwisha kutumika. Sikusaidiwa na mtu. Nayasema haya mapema ili anayenisikia ajue kwamba mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nilishangaa mara moja tu, mshangao wa kweli, wa kumfanya mtu asahau ameshika nyundo. Na kilichonishangaza kilikuwa ni ubao niliokuwa nimeutengeneza mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Juu ya kiwanda cha mbao kulikuwa na shule ya misheni, na katika shule hiyo tulikuwa tumepewa madarasa mawili ya sekondari, Form One na Form Two. Tulitembea vifua mbele. Madawati yote yalikuwa kazi yangu. Kisha darasa letu la kwanza likafanya ule mtihani wa serikali wa mwisho wa Form Two, ambao ndio uliokuwa ukiamua nani aendelee na nani arudi kwao, na likaanguka karibu lote. Mwangalizi wa shule akapanda kutoka Nakuru kwa pikipiki, matope mpaka kiunoni, akatuambia bila kukaa: darasa linalofuata likianguka pia, sekondari inafungwa.

Darasa linalofuata lilikuwa la dada yangu.

Alikuwa kitinda mimba wetu. Mama alipofariki alikuja kwangu akiwa bado hajaota meno ya mbele ya pili, akakulia katika vumbi la mbao, akicheza na maranda. Alikuwa anataka kuwa nesi, na kwa unesi walikuwa wanataka aliyeendelea mbele ya Form Two. Shule nyingine ya kumpokea karibu na hapo haikuwepo. Ikifungwa, angekwenda kuchuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu kama wasichana wengine wote wa upande ule, na hapo ndipo habari yake ingeishia.

Kamati ya shule ikaitwa. Nilikuwa mjumbe kwa sababu ya madawati. Mwenyekiti wetu alikuwa nyapara wa kiwanda, mzee mwenye sauti iliyozoea kushindana na misumeno, hata akikuomba chumvi utadhani anakufukuza kazi.

"Fimbo!" akasema. "Fimbo zimepungua shule hii. Na Jumamosi wasome, na Jumapili baada ya ibada wasome."

Tukaitikia. Mimi pia niliitikia. Mwalimu wa hesabu alikuwa amekuja mwanzoni mwa mwaka huo, kijana mwembamba mwenye koti refu lililomzidi, anayetetemeka kwa baridi yetu ya Mau. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Wazee wangu, kabla hatujawachapa, tunajua wale wa kwanza waliangukia wapi?"

"Waliangukia kwenye mtihani!" nyapara akamjibu, na watu wakacheka hadi benchi likalia.

Mwalimu naye akacheka, halafu akanigeukia. "Fundi, mtu akikuletea mlango unaokwama, unauranda wote?"

"Huyo atakuwa mjinga," nikasema. "Napaka makaa ukingoni, naufunga, naufungua, naangalia doa limebaki wapi. Pale unapogusa ndipo ninapopitisha randa."

"Basi nipeni muda nipake makaa," akasema.

Nyapara akapunga mkono. "Paka," akasema. "Lakini fimbo naziweka karibu."

Makaa yake yalikuwa haya. Alikuwa na rafiki zake wawili walimu, mmoja katika shule ya Nakuru mjini na mwingine upande wa Njoro. Wakaelewana kwamba watawapa wanafunzi wao mtihani mmoja, maswali yale yale, asubuhi ile ile, kwa muda ule ule, na mtu asisaidiwe hata kwa kukohoa. Maswali waliyatoa katika mitihani ya zamani ya serikali. Baada ya kusahihisha wakabadilishana majibu. Yakaja kwa garimoshi, yamefungwa kwa kamba ya mkonge. Sisi tukangoja tuambiwe nani wa kwanza na nani wa mwisho. Hakutuambia. Badala yake akashuka karakanani kwangu kuagiza mbao tatu pana, zilizopigwa randa vizuri, zenye matundu madogo kwa mistari, pamoja na vijiti vya kuingia katika matundu hayo.

"Huna karatasi?" nikamuuliza.

"Ninazo. Lakini kamati nayo nataka ione, na wengine wenu..."

"Hatujui kusoma. Sema tu, sitakupiga."

"Nataka mtu aone akiwa mlangoni," akasema.

Nikamtobolea matundu kwa keekee, mbao za podo nyeupe, vijiti vya mtarakwa mwekundu ili rangi zitofautiane. Jumamosi moja nikazibeba mpaka darasani. Akanieleza: kila mstari wa kulala ni mwanafunzi mmoja, hakuna jina. Kila mstari wa kusimama ni swali moja, la kwanza kule kushoto, la mwisho kulia. Mtoto akikosa swali, tunachomeka kijiti katika tundu lake. Akipata, tundu linabaki wazi. Basi akawa anasoma, mimi nachomeka. Ubao wa Nakuru, kisha wa Njoro, mwisho wetu. Nikiwa nimeinama hivyo, pua ikigusa ubao, sikuona kitu. Vijiti ni vijiti.

"Sasa nenda ukasimame mlangoni," akaniambia.

Nikaenda, nikageuka.

Sijui nilieleze vipi. Ule wa Nakuru ulikuwa na vijiti huku na huku, kama ng'ombe walioachiwa kwenye malisho. Wa Njoro hivyo hivyo. Lakini wetu! Wetu ulikuwa na nafasi tele, kweupe, watoto wamepata, wamepata. Halafu katikati vijiti vimesimama toka juu mpaka chini bila kuacha tundu, kama ua wa boma. Swali la tisa. Na mbele kidogo ua mwingine, na mwishoni wa tatu. Darasa zima limegonga ukuta ule ule, mwerevu na mzito, na pembeni tu ya ukuta wako sawa na watoto wa mjini, tena mahali pengine wamewapita.

Watoto hawa nilikuwa nawajua mmoja mmoja. Nilikuwa nawaona kila asubuhi wakipita na viatu mkononi. Lakini sikuwahi kuwaona hivi, wote kwa pamoja, kama mtu aliyepasua gogo akaona ndani yake. Nikavua kofia. Sikukusudia, mkono ulipanda wenyewe.

"Mwalimu," nikasema, "hiki ni kitu gani?"

"Ni doa la makaa, Fundi."

Kamati ikaja Jumatatu. Nyapara akasimama mlangoni, akaangalia, akauliza hizo kuta ni nini. Mwalimu akasema zote tatu ni hesabu za ujazo, akamsomea swali la tisa kwa Kiswahili. Boriti ina urefu wa futi kumi na mbili, upana wa inchi sita, unene wa inchi mbili. Tafuta ujazo wake kwa futi.

"Jibu sahihi ni futi moja," Mwalimu akasema. "Nakuru na Njoro waliokosa wamekosa kila mtu kivyake. Watoto wetu wote wameandika jibu moja. Kumi na mbili."

"Wote?"

"Wote."

Uso wa nyapara ukabadilika. "Wameibiana! Darasa zima la wezi! Mwangalizi akisikia hafungi madarasa mawili tu, anafunga shule nzima." Akanigeukia. "Na dada yako yumo."

Kuanguka mtihani ni jambo moja. Mwizi wa mtihani asingepokelewa popote, hata hospitalini kufua mashuka.

Mwalimu hakupandisha sauti. "Wasichana walifanyia kanisani, Mzee, peke yao. Mlango ulikuwa umefungwa. Nao wameandika kumi na mbili. Nami sijui kwa nini. Naomba tumwite mmoja tumuone akifanya."

Akaitwa dada yangu. Akaingia na sweta lake lililotoboka viwiko, akaona wazee wamejaa, akanitazama mimi. Nikamwonyesha ubao mweusi kwa kidevu. Mwalimu akamwandikia swali, akampa chaki, akamwambia afanye kwa sauti.

"Urefu futi kumi na mbili," akasema. "Upana inchi sita, hiyo ni nusu futi. Kumi na mbili mara nusu, sita. Mara unene, mbili. Kumi na mbili."

"Umegeuza upana kuwa futi," Mwalimu akasema polepole. "Mbona unene hukuugeuza?"

Akamtazama Mwalimu kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvaa kofia mguuni. "Unene haugeuzwi, Mwalimu. Unene ni inchi."

"Amepata!" nyapara akapiga kelele. "Haugeuzwi! Huyu mtoto amepata!"

Na sisi wote, kamati nzima, tukaitikia kwa vichwa. Amepata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafanya hesabu hiyo kichwani na nimefika kumi na mbili kabla yake. Ndivyo mbao zinavyohesabiwa. Kwa mtu wa kiwandani, mbao yenye futi moja kwa futi moja na unene wa inchi moja, hiyo ndiyo futi yetu. Ndivyo tunavyouza, ndivyo tunavyonunua, ndivyo mtoto anavyosikia tangu yuko mgongoni. Unene tunauacha ulivyo.

Mwalimu akakaa juu ya dawati. Akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Wazee," akasema akifuta macho, "nimewafundisha watoto hawa tangu Januari kugeuza inchi kuwa futi. Wamegeuza, wamegeuza. Swali likiwa la tangi la maji wanapata. Likiwa na kitu chembamba kinachofanana na mbao tu, wanarudi kiwandani. Na kamati yote ingeanguka pamoja nao."

"Kwa hiyo hesabu yetu ni mbaya?" nikauliza, na sikuuliza kwa upole.

"Hapana, Fundi. Kwa mbao ni nzuri. Serikali haiulizi mbao."

Nyapara akaangalia ubao wa vijiti, akamwangalia dada yangu, akaangalia tena ubao. Hakusema neno juu ya fimbo, siku hiyo wala nyingine. Alipotoka alipita karibu na vijiti vya swali la tisa akavigusa kwa kidole, taratibu, kama anajaribu chuma kama bado ni cha moto.

Mwalimu akaniagiza kitu kingine: pande la mtarakwa, futi moja kila upande, lililopasuliwa mbao kumi na mbili za inchi moja moja, zipangike na kupanguka. Nilipiga randa mpaka ukizipanga huoni zilipoungana. Akaliweka mezani, akawaita watoto wapangue. Hii mbao moja, futi ya baba zenu. Hizi zote kumi na mbili zikikaa pamoja, futi moja ya mtihani. Nilikuwa nje dirishani nikikaza bawaba ambayo haikuwa na ubaya wowote. Nilisikia darasa zima likisema "Aaa!" kwa sauti moja, sauti ndefu, na dada yangu akicheka juu ya wote.

Kabla ya mtihani wa serikali zile shule tatu zikajipima tena kwa maswali mengine. Tukachomeka vijiti, nikaenda mlangoni bila kuambiwa. Kuta za hesabu za ujazo hazipo. Kweupe. Kulikuwa na ukuta mwingine mfupi umeanza kuota mahali pa riba, na Mwalimu alipouona akasugua viganja kama mtu aliyeletewa nyama choma.

Mwangalizi alikuja na matokeo mwaka mpya ulipoanza, safari hii akakaa, akanywa chai. Hawakupita wote. Lakini walipita wa kutosha, na sekondari haikufungwa. Dada yangu alipata nafasi ya Form Three katika shule ya wasichana, mbali, kwa garimoshi.

Nilimsindikiza stesheni na sanduku nililomtengenezea, lililokuwa zito kuliko nilivyopanga. Nikamuuliza ameweka mawe? Akafungua kifuniko, akanionyesha. Kati ya nguo alikuwa ameficha mbao moja ya lile pande la Mwalimu.

"Umeiba ya shule!"

"Nimeomba, kaka. Mwalimu amesema utamkatia nyingine."

"Nani kamwambia?"

"Mimi."

Garimoshi likaondoka kuelekea Molo, nami nikarudi karakanani nikatafuta mtarakwa mkavu. Nikapima futi moja kwa futi moja, unene inchi moja. Nikaipiga randa siku nzima, na wateja wakasubiri.