Jumamosi Nisimamie Harusi ya Wifi, Jumatano Nidai Talaka kwa Kaka Yake?

Admin, jina langu lifiche, mengine yote yaache kama nilivyoandika, hata pale nilipofoka. Mie ni mama wa miaka 39, naishi Tegeta, nina watoto wawili na ndoa ya kanisani ya miaka kumi na nne. Kazi yangu ni samaki: asubuhi nafuata Kunduchi, jioni nakaanga nje ya geti langu. Mtaani wananiita Mama Mdomo. Sawa, leo mdomo umefika huku. Nimeshaanza taratibu za kuachana na mume wangu, barua ya kumwita imetoka baraza la usuluhishi la kata, tunasikilizwa Jumatano ijayo. Kwa hiyo wale wa "dada vumilia, ndoa ndivyo zilivyo" wapite tu, mie nimevumilia mpaka nimeota sugu.

Mdogo wa mume wangu, nimwite Neema, nimemlea mie. Alikuja kwangu anaanza form one, na sanduku la bati na mapunye kichwani. Siku amevunja ungo mie ndiye niliyemfundisha kuvaa pedi, mama yake yuko mbali huko. Jumamosi hii Neema anaolewa, na wasimamizi ni sie, mie na kaka yake. Mnajua kanisa linavyotaka, wasimamizi wawe mke na mume wa ndoa ya kanisani, mfano wa kuigwa. Nilikubali kwa furaha, na sare nikashonesha.

Wiki tatu zilizopita kamati ikanipa kazi ya kukusanya picha za bibi harusi za kuonyesha ukumbini. Neema akanipa simu yake nichague. Nashuka na picha, nashuka, nikakuta mume wangu kabeba mtoto mchanga mwenye gauni jeupe. Pembeni mwanamke simjui, nyuma mama mkwe kajipiga kilemba, na aliyeshika mshumaa wa ubatizo ni Neema. Nikamuuliza, "Huyu mtoto wa nani?" Akanipokonya simu, akafuta pale pale. Halafu akaangua kilio. Mtoto ni wa kaka, mama yake anakaa Mtoni, na yeye Neema ndiye mama wa ubatizo. "Wifi nisamehe, mama alisema nikikwambia utakufa kwa presha." Jamani! Ukoo mzima unajua, mie niko bize na karai la mafuta. Siku hiyo nililia mpaka nikatapika, siwafichi.

Mume nilipombana akacheka. "Umeota wewe. Kama una ushahidi, lete." Mama mkwe nikampigia, shikamoo mama, mna mjukuu Mtoni? Akaitikia marahaba, kisha akasema mwanawe ana watoto wawili tu na nimwogope Mungu. Haya. Kesho yake nikabeba cheti changu cha ndoa, nikaenda kwa mjumbe, mjumbe akanielekeza ofisi ya mtaa, nao wakanipeleka kata. Katibu wa baraza, mama mtu mzima, alinisikiliza vizuri, ila hakunificha: "Mwenzio akikana na wewe huna shahidi, itaonekana wivu tu. Mtaambiwa mrudi mkapatane." Na shahidi ninaye mmoja tu.

Juzi Neema kaja, kapiga magoti jikoni kwangu. "Wifi, nisimamie kwanza. Mchungaji akijua mna kesi ataahirisha harusi, wasimamizi wengine sasa hivi hatupati, na wakwe zangu wameshatoka Mbeya. Nisimamie, Jumatano nakuja kusema yote." Nikamwambia, "Neema, mie niliyekulea ndiye unanifanyia biashara?" Akasema si biashara, anaogopa. Namjua, mwoga kwelikweli. Mama yake akimkazia macho tu anageuka.

Na mume wangu si mjinga. Ghafla amekuwa mpole, kanunua tai ya kufanana na sare yangu. Jana nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia rafiki yake kwenye simu, "Acha tusimamie. Picha zikitoka, baraza litamuelewa nani?" Nikaelewa mchezo. Jumatano atazitandaza mezani, mie nimemshika mkono mbele ya madhabahu, meno yote nje, halafu aulize ndoa gani iliyovunjika hapa.

Ndugu zangu, kuachana naachana, hilo siwaombi ruhusa. Lakini nikisimama, nampa yule mwanaume fimbo ya kunichapia. Nikigoma, namharibia harusi mtoto niliyemlea kwa mikono hii, na shahidi wangu ndiyo basi tena. Zimebaki siku tatu. Niambieni, tena msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa: nikaseme uongo kanisani ili Neema aje aseme kweli barazani, au niseme kweli leo kwa mchungaji, na Jumatano nikasimame peke yangu?