Msipige Makofi

Dada yangu Merryn, mtu mzima wa miaka arobaini, ana usonji, na kelele humchoma masikio kama sindano. Hata hivyo huzunguka Uingereza akidai jambo moja: mtoto mwenye usonji akisema yeye si msichana, au si mvulana, aulizwe yeye kwanza kabla wakubwa hawajaanza kugombana. Kwa hilo pande zote mbili za ugomvi huo humtukana.

Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Truro, aliwaomba waliokuja kumsikiliza: "Jamani, msipige makofi. Pungeni mikono tu hewani, sisi wenye usonji ndivyo tunavyoshangilia."

Wakaitikia. Akazungumza vizuri mno. Alipomaliza, ukumbi mzima ukasimama, makofi na vishindo vya miguu!

Merryn akajikunyata chini ya meza ya chai, ameziba masikio, analia, "Basi! Nawaomba, basi!"

Nilitamani kuwamwagia birika zima la chai. Mwenyekiti wa mkutano, Bi Loveday, akashika kipaza sauti, kalegea kwa huruma: "Mnajionea wenyewe, wapenzi. Watoto kama hawa lazima tuwasemee sisi."

Wakapiga makofi tena.