Kiboksi cha Wateja

Shibuda, mrekodi sauti wa Nyakanazi, alikuwa fundi mwenye maringo. Kwaya zilimfuata kutoka hata Ntobeye, naye kila kwaya aliipa hotuba ileile: usirekodi kwa saundi kadi ya ndani ya kompyuta, feni yake itanguruma mpaka kwenye wimbo. Yeye alikuwa na saundi kadi ya nje, kiboksi cha kuchomeka pembeni, na kilichopita humo kilitoka safi.

Mama yake, Secilia, aliishi Kaniha na aliongoza nyimbo za kundi la kulima. Katika wimbo mmoja alitaja majina ya wazee wa ukoo waliozikwa Shinyanga kabla familia haijahamia huku. Hakuna mwingine aliyeyajua yote, na kila mjukuu alipozaliwa jina lake lilitoka humo. Kifua kilipoanza kumsumbua, alipanda bodaboda mpaka studio, akaomba wimbo ule urekodiwe.

Kiboksi kilikuwa kimeshategeshwa kwa ajili ya mwenye gesti mmoja aliyetaka tangazo. Shibuda aliona uvivu kuvuruga mipangilio yake. Angekuwa mteja, sawa. Lakini mama, si yupo tu? Akachomeka maiki kwenye kompyuta kuukuu ya pembeni.

"Mbona kile hukitumii?" mama akauliza.

"Kile cha wateja, mayu. Hii ina saundi kadi yake ya ndani, itatosha. Ukija tena tutarudia vizuri."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Akaimba, akapumzika, akaimba tena mpaka mwisho. Mwanawe alihifadhi bila hata kusikiliza. Mama hakuja tena. Kifua kilimlaza, na mvua zilipoanza wakamzika.

Siku ya kumaliza matanga, dada yake Shibuda, Joyceline, alikuwa amepakata mtoto mchanga ambaye bado hakuwa na jina. Akaomba wimbo ufunguliwe ili ndugu wachague.

Ukafunguliwa. Kwanza ilisikika feni, kisha mama kwa mbali nyuma yake. Maneno ya kulima yalisikika, tena vizuri kiasi. Lakini Secilia alipofika kwenye jina la marehemu aliteremsha sauti kwa heshima, kama alivyofanya maisha yake yote, na hapo feni ikalimeza jina. Likaja la pili, likamezwa. Shibuda aliongeza sauti, na feni nayo ikaongezeka. Alitamani ardhi impasukie. Ndugu walisikiliza mpaka mwisho wakiwa wameinama, na hakuna aliyepata hata jina moja.

Barabarani likapita gari la matangazo la yule mwenye gesti. Vyumba safi, maji ya moto, parking ya malori. Kila neno lilifika pale uani.

"Na hilo ulirekodi wewe?" Joyceline akauliza.

"Ndiyo."

"Linasikika vizuri," akasema, akamfunika mtoto wake, akaingia naye ndani.